Kovu la moto: jinsi ya kulikanda kwa mkono nyumbani na kwa mashine kliniki

Mtoto aliyemwagikiwa chai ya moto huruhusiwa kutoka wodini kidonda kikiwa kimefunga, ngozi mpya iko bapa, laini, ina rangi ya waridi. Wazazi hushukuru Mungu na kuona kazi imekwisha. Mwezi mmoja au miwili baadaye ngozi ileile huanza kutuna na kuwa ngumu, mtoto halali kwa kujikuna, na kiwiko hakinyooki tena hadi mwisho. Wengi hudhani kidonda kimerudi au dawa ilikuwa mbovu. Sivyo. Kovu la moto ndivyo linavyokwenda, na miezi hiyo ndiyo ya kulishika kwa mikono kila siku.

Mwongozo huu nimeuandika kwa anayemuuguza aliyeungua: mama, bibi, baba, mwenzi wa ndoa, na kwa aliyeungua mwenyewe. Sehemu kubwa ni kazi ya mikono, kwa sababu mikono haihitaji nauli wala umeme. Mashine ya kufyonza na kuviringisha ngozi nayo nitaieleza kwa ajili ya anayefikiria kuilipia, ajue inafanya nini, ajue pia kwamba kikao cha mara mbili kwa wiki hakiwezi kuziba pengo la siku tano ambazo kovu halikuguswa.

Kinachoendelea ndani ya kovu

Ngozi nzima imesukwa kama mkeka: nyuzi za kolajeni hupita huku na huku na kupandana, ndiyo maana ukiivuta hukubali pande zote na ukiiachia hurudi. Moto ukifika tabaka la chini, mwili huziba pengo kwa haraka. Hulaza nyuzi nyingi nene zikielekea upande mmoja, na kati yake huwapo seli zinazojikunja ili kingo za kidonda zikutane. Seli hizo zina faida kubwa kidonda kikiwa wazi. Kikifunga zinatakiwa kupungua, lakini kwenye kovu la moto hubaki nyingi na kuendelea kuvuta kwa miezi. Kovu likiwa tumboni, mvuto huo huonekana kama ugumu tu. Likiwa limepita juu ya kiungo, yaani kiwiko, kwapa, shingo, vidole au nyuma ya goti, kiungo hukunjwa kidogo kidogo hadi kikagoma.

Kidonda kilichofunga ndani ya wiki mbili mara nyingi hakiachi kovu nene. Kilichopita wiki tatu kabla ya kufunga, au kilichohitaji ngozi ya kupandikiza, ndicho cha kuangaliwa sana, hasa kwa watoto na kwa watu wenye ngozi nyeusi. Kovu huendelea kubadilika kwa mwaka mmoja hadi miwili ndipo litulie. Likishatulia, kukanda bado kuna nafuu yake, ila nafasi kubwa ya kulielekeza huwa imepita.

Kukanda hufanya mambo kadhaa kwa pamoja. Seli za kovu huhisi zinapobonywa na kuvutwa, na hubadili utendaji wake kulingana na mguso huo. Ngozi iliyogandamana na nyama ya chini huanza kuachia. Maji yaliyotuama kwenye uvimbe husukumwa. Na mwasho hupungua, jambo ambalo wagonjwa hulitaja mapema kuliko yote, maana wanapata usingizi. Utafiti uliopo ni wa vikundi vidogo, nao unaelekeza zaidi kwenye nafuu ya mwasho, maumivu na ugumu. Kovu halifutiki kwa kukandwa, na atakayekuahidi hivyo anataka hela yako.

Hatua ya kwanza: hakikisha ngozi iko tayari

Kuharakisha hapa huleta vidonda vipya. Kovu likaguliwe mchana, mahali penye mwanga wa kutosha. Pasiwe na sehemu inayotoa majimaji, kigaga kilichoshikilia, lengelenge wala ufa. Kwa kawaida ngozi huwa imepata nguvu wiki mbili hadi tatu baada ya kidonda kufunga. Palipopandikizwa ngozi, subiri ruhusa ya daktari aliyepandikiza. Mara nyingi ni baada ya wiki tatu au zaidi, ngozi ile ikiwa imeshika vizuri.

Kabla ya kuanza rasmi, chagua kipande kidogo cha kovu chenye upana wa sarafu. Paka mafuta kidogo, bonyeza kwa nyama ya ncha ya kidole na kuzungusha kwa upole nusu dakika, halafu acha. Kesho yake tazama. Ikiwa hakuna lengelenge wala mchubuko, unaweza kuendelea. Ikiwa kimetokea chochote, ipe ngozi wiki nyingine.

Usikande kabisa kama kuna homa, usaha, harufu mbaya au joto jipya kwenye kovu. Muulize daktari kwanza kama mgonjwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama mguu umevimba ghafla na kuuma kwenye misuli ya nyuma, kama ana saratani eneo hilo, au kama ana kisukari na ngozi yake haisikii maumivu. Vilevile kama kovu limetoka nje ya mipaka ya kidonda cha mwanzo na linaendelea kutambaa kwenye ngozi nzima: hilo huenda ni keloidi, na tiba yake ina mpangilio mwingine.

Hatua ya pili: maandalizi

Kata kucha zako ziwe fupi, vua pete, nawa mikono kwa sabuni. Mgonjwa aoge au kovu lioshwe kwa maji ya uvuguvugu ili mafuta ya jana na ngozi iliyokufa vitoke. Ngozi ya kovu haina tezi za mafuta wala jasho kama ngozi nyingine, hivyo hukauka na kupasuka upesi.

Mafuta ya mgando yasiyo na manukato yanatosha. Mafuta safi ya nazi pia yanafaa kwa wengi, na losheni yoyote nzito isiyo na harufu. Usitumie krimu za kujichubua, hata kama nia ni kurudisha rangi. Nyingi zina kemikali zinazoipunguzia ngozi unene, na kovu ndilo la mwisho kustahimili hilo. Limau, dawa ya meno na tiba zinazochoma zikae mbali.

Kiasi cha mafuta kina maana kuliko aina yake. Ukipaka mengi, vidole huteleza juu ya kovu na hakuna kinachosogea chini. Chovya kidogo, paka hadi ngozi ing'ae bila kulowa, kisha pangusa vidole vyako. Vidole vishike ngozi na kuisogeza yenyewe.

Chagua wakati ambao mgonjwa hana njaa wala usingizi. Kama ameandikiwa dawa ya maumivu, mpe nusu saa kabla. Mtoto mdogo akae mapajani au alale mkekani, kiungo chenye kovu kikiwa kimeegemezwa, na mkono wake mmoja uwe huru kukuambia "basi". Mwanzoni ukimheshimu anaposema basi, wiki inayofuata ataleta mkono mwenyewe.

Hatua ya tatu: kukanda kwa mkono

Tuchukue kovu lililopita kwenye mkunjo wa kiwiko, kwa kuwa ndilo la kawaida kwa watoto waliovuta kikombe cha chai au sufuria ya uji.

Anza na kubonyeza tu. Weka nyama ya vidole viwili au kidole gumba juu ya sehemu iliyotuna, shuka taratibu, shikilia sekunde kumi hivi, achia, sogea kidogo, rudia hadi uwe umelimaliza kovu lote. Nguvu iwe kiasi gani? Kwa watu weupe huambiwa wabonyeze hadi kovu lipauke. Kwenye ngozi nyeusi alama hiyo mara nyingi haionekani, kwa hiyo tazama kucha yako mwenyewe: inapoanza kupauka nchani, umefika. Kwa kovu changa la mwezi wa kwanza au wa pili ishia kabla ya hapo.

Kisha zungusha. Vidole vibaki palepale, visiteleze. Kinachozunguka ni ngozi juu ya nyama. Mizunguko midogo, ya polepole, mitano hivi kila mahali, kisha uende hatua inayofuata. Baada ya mizunguko, sogeza ngozi juu na chini, kushoto na kulia. Hapo utagundua kwamba upande mmoja inakwenda na upande mwingine inagoma. Huo uliogoma ndio wa kukaa nao. Sogeza hadi inapogoma, shikilia bila kusukuma zaidi, hesabu taratibu hadi ishirini. Mara nyingi utahisi ikilegea chini ya kidole, upana wa uzi tu. Usitafute zaidi ya huo kwa siku hiyo.

Kufinya na kuviringisha huja mwisho, na kwa kovu lililopevuka kidogo tu, tuseme baada ya wiki kadhaa za hatua zilizotangulia. Shika kovu kati ya kidole gumba na vidole viwili, linyanyue kutoka kwenye nyama, kisha uende nalo mbele huku likipita kati ya vidole. Mwanzoni halitanyanyuka kabisa. Usilazimishe, endelea kubonyeza na kuzungusha kandokando yake, mahali kovu linapokutana na ngozi nzima, ndipo kwa kawaida huachia mapema.

Maliza kwa kupitisha kiganja kwa mwendo mrefu na kwa wepesi kutoka mkononi kuelekea begani, yaani kuelekea moyoni, mara kadhaa. Hii husaidia uvimbe na humtuliza mgonjwa.

Dakika tano hadi kumi kwa kila eneo zinatosha, mara mbili kwa siku kwa uchache, mara tatu au nne ukiweza. Kwa mwenye makovu mapana, gawa: kifua asubuhi, mikono jioni. Mtu mzima ajikande mwenyewe kila mahali mkono wake unapofika, hata akiwa kwenye daladala.

Kuna makosa mawili nayaona kuliko mengine. La kwanza ni kusugua haraka haraka juujuu kwa mafuta mengi, kitu kinachowasha ngozi bila kufika chini. La pili ni nguvu nyingi kwa imani kwamba kovu gumu linahitaji mkono mgumu. Kovu lililokandwa kupita kiasi hukasirika: kesho yake lina joto kuliko ngozi ya jirani, limetuna zaidi, rangi imekolea kuelekea zambarau. Weka mgongo wa mkono wako juu ya kovu kila asubuhi na ulinganishe na ngozi iliyo kando. Joto likiwa limezidi, pumzika siku moja na urudi kwa nusu ya nguvu.

Mwasho ukija katikati ya usiku, usiruhusu kucha. Gonga kovu polepole kwa vidole bapa au libonyeze kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi. Ukiwa mkali kiasi cha kukatisha usingizi kila siku, daktari ana dawa za kumeza zinazosaidia.

Hatua ya nne: nyoosha palepale

Kovu lililotoka kukandwa lina joto na limelegea, na ulegevu huo haudumu. Kama utafunika na kuondoka, seli zitaendelea kuvuta na jioni utaanza upya. Kwa hiyo mara tu vidole vinapoacha, kiungo kinyooshwe kuelekea upande ambao kovu halitaki.

Kiwiko: shika mkono juu kidogo ya kiwiko na chini yake, nyoosha taratibu hadi kovu likaze na kung'aa, shikilia nusu dakika hadi dakika nzima, achia, rudia mara tano. Kwapa: mkono unyanyuliwe ubavuni hadi usawa wa bega na kupita hapo. Shingo ya mbele: mgonjwa alale chali, taulo iliyokunjwa iwe chini ya mabega ili kichwa kirudi nyuma. Kiganja: vidole vilazwe bapa mezani, viganja vikitazama chini, na uzito uwekwe juu. Mgongo wa mkono: kinyume chake, ngumi ifungwe. Midomo: afungue kinywa hadi vidole vyake vitatu viingie kwa kusimama.

Aliyeungua hupenda kukaa mkao usiomuuma, yaani kiwiko kikiwa kimekunjwa, kidevu kifuani, mkono umebanwa ubavuni. Mkao huo wa raha ndio unaolemaza. Mwenye kovu la shingo asilalie mto. Mwenye kovu la kwapa alale mkono ukiwa mbali na mwili, umeegemezwa. Kama hospitali imekupa banzi la usiku, yaani kifaa kigumu cha kushikilia kiungo kikiwa kimenyooka, livaliwe usiku wote baada ya kipindi cha jioni. Hapo ndipo linashikilia kile ulichokipata.

Hatua ya tano: mashine

Mashine hii asili yake ni mikono ileile. Nchini Ufaransa wataalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, wamekuwa na mtindo wao wa kufinya ngozi na kuiviringisha. Louis-Paul Guitay, mhandisi wa huko, aliumia katika ajali ya gari, akatibiwa makovu kwa mtindo huo. Aliona kazi inamchosha mtaalamu na nguvu haiwi sawa kutoka kikao hadi kikao, akaunda mashine ya kuifanya. Kampuni yake, LPG, ilianza mwaka 1986. Baadaye mashine za namna hiyo zilipata soko kubwa kwenye urembo, kupunguza mafuta ya mapaja, na ndiyo sababu leo unaweza kukutana nayo saluni.

Kichwa chake hushikwa mkononi. Ndani kuna roli mbili na pampu inayofyonza hewa. Ngozi hufyonzwa ikapanda kama mkunjo kati ya roli, nazo zikizunguka mkunjo husafiri kadiri kichwa kinavyosogezwa. Faida yake ni kwamba hunyanyua ngozi iliyogandamana ambayo vidole haviwezi kuishika, na nguvu yake hupimwa na kurudiwa ileile. Vipo vichwa vidogo vya vikombe kwa ajili ya vidole, shingo na uso. Inafaa kwa kovu pana la paja, mgongo au kifua lililokaa kama ubao, na pale ambapo mikono ya nyumbani imefanya kazi kwa miezi na bado kuna mahali pamegoma.

Usianze na mashine. Ngozi iwe imestahimili kukandwa kwa mkono kila siku kwa wiki kadhaa bila lengelenge. Mtaalamu aanze kwa kukukagua, akufinye kovu, akuulize dawa unazotumia. Kikao cha kawaida huwa hivi. Ngozi husafishwa na kuwa kavu, maana mafuta huzifanya roli ziteleze na mfyonzo kukatika. Mfyonzo hufunguliwa kwa kiwango cha chini kabisa, tena kwenye ngozi nzima iliyo kando ya kovu, ili mwili uzoee. Kisha kichwa huingia kwenye kovu polepole, kwanza kufuata urefu wake, halafu kukatiza, halafu mshazari. Hakikai mahali pamoja. Unapaswa kuhisi kuvutwa kwa nguvu. Hupaswi kuhisi kuchomwa wala kukatwa. Dakika kumi hadi ishirini kwa eneo, mara mbili au tatu kwa wiki, na baada ya kila kikao kiungo kinanyooshwa kama nilivyoeleza juu. Mfyonzo huongezwa kikao kwa kikao, endapo tu kovu halikuwa na joto wala uvimbe siku iliyofuata.

Yakitokea madoa madogo ya damu chini ya ngozi, malengelenge au maumivu yaliyovuka usiku, kikao kijacho kiahirishwe. Kwa mtoto asiyeweza kueleza maumivu yake, mimi naegemea mikono kuliko mashine, isipokuwa awe na mtaalamu aliyezoea watoto walioungua.

Kabla ya kulipa uliza: Anayeshika mashine amesomea fiziotherapia? Ameshakanda makovu ya moto, au ni mapaja tu? Atapima nini mwanzoni na mwishoni ili tujue kama inasaidia? Akikuuzia vikao ishirini kwa mkupuo bila kuligusa kovu, ondoka. Lipia vitano au sita, pima, ndipo uamue.

Watu wa pwani na wengine waliozoea hijama au kupigwa chuku huuliza kama si jambo lilelile. Hapana. Kwenye hijama kikombe hukaa mahali pamoja, damu ikajikusanya, na pengine ngozi huchanjwa. Mishipa ya damu ya kovu changa ni dhaifu na hupasuka kwa mfyonzo wa kutulia. Kuchanja ni kuanzisha kovu juu ya kovu. Kama umenunua vikombe vya silikoni vya kubonyeza kwa mkono, vitumike kwa mfyonzo mdogo na vikiwa vinasogea muda wote, baada ya mtaalamu kukuonyesha. Mashine za kupiga misuli zinazouzwa kwa wanamichezo ziachwe kwa misuli. Pigo lake ni kali mno kwa ngozi ya namna hii.

Ufaransa wana njia nyingine pia: kwenye vituo vya chemchemi za maji vya La Roche-Posay, Avène na Saint-Gervais, walioungua hupigwa na vijito vyembamba vya maji yenye presha juu ya kovu, kwa tiba inayoandikwa na daktari na kuchukua wiki tatu. Huku kwetu hatuna vituo hivyo, na bomba la bafuni halilingani navyo.

Baada ya kukanda

Kama umepewa nguo ya kubana au karatasi ya silikoni, osha mafuta yote na ukaushe kabla ya kuvaa. Mafuta huharibu mpira wa nguo, na silikoni haishiki kwenye ngozi yenye mafuta. Nguo ya kubana huvaliwa saa 23 kwa siku. Saa iliyobaki ni ya kuoga, kukanda na kunyoosha. Ikilegea, irudishwe kwa aliyeishona ipunguzwe, na ziwepo mbili ili moja ifuliwe. Asiyekuwa na nguo hiyo asikate tamaa wala asifunge bandeji ya kukaza kwa kubuni, inaweza kuzuia damu kupita.

Jua hulifanya kovu changa liwe jeusi kupita ngozi ya kando, na weusi huo hukaa muda mrefu. Nguo ya mikono mirefu, kanga au kofia hufanya kazi kuliko losheni. Usoni, pale pasipofunikika, tumia losheni ya kuzuia jua yenye SPF 30 au zaidi.

Pima, usikisie

Macho yanayotazama kovu kila siku hayaoni linavyobadilika. Mahospitalini hutumia vipimo kama kile cha Vancouver cha mwaka 1990, kinachotoa alama kwa rangi, wekundu wa damu, ulaini na unene wa kovu. Nyumbani unaweza kufanya chako. Kila mwezi, tarehe ileile, piga picha dirishani kwa saa ileile. Kwa futi ya fundi cherehani pima umbali mmoja tu unaohusu kiungo chenu: kidevu hadi juu ya mfupa wa kifua kichwa kikiwa nyuma, au ukutani alama inayofikiwa na ncha ya kidole mkono ukinyanyuliwa ubavuni. Andika kwenye daftari la kliniki, na andika pia ni mara ngapi mgonjwa aliamka kwa mwasho wiki hiyo. Ukienda kumwona mtaalamu, ukurasa huo utamsaidia kuliko maelezo marefu.

Ulaini huja kwanza, kabla ya kovu kushuka. Ukifinya na kovu likakunjika kidogo mahali palipokuwa pakavu na pagumu, mnakwenda vizuri hata kama kwa macho bado limetuna.

Wakati kukanda hakutoshi

Kope lisilofunga jicho ni la kwenda hospitali wiki hiyohiyo, maana jicho hukauka na kuharibika. Mdomo unaovutwa, shingo iliyoshikana na kifua, vidole vilivyokunjwa hadi kiganjani, hivyo havirudi kwa mafuta na vidole. Vinahitaji mpasuaji wa kulegeza kovu, kuweka ngozi au kuikata kwa mtindo wa herufi Z ili urefu uongezeke. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imekuwa ikifanya upasuaji wa kurekebisha wa namna hiyo, na katika hospitali za rufaa kama Muhimbili, KCMC, Bugando na Kenyatta unaweza kuanzia kliniki ya upasuaji. Mtoto ana jambo lake la ziada: mifupa hurefuka na kovu halirefuki sawasawa nayo, kwa hiyo kiungo kilichokuwa sawa akiwa na miaka mitatu kinaweza kukaza tena akiwa na minane. Aangaliwe kila mwaka hadi aache kukua.

Na kwa kovu la zamani, la miaka kumi, ishirini au zaidi: kidonda kikitokea juu yake, kikakaa wiki kadhaa bila kupona, kikiwa na kingo zilizoinuka au harufu, kisikandwe na kisifungwe dawa za kienyeji. Kipimwe. Saratani inaweza kuota kwenye kovu la moto baada ya miaka mingi, na kinyama kidogo kinachokatwa kupelekwa maabara ndicho kinachotoa jibu.

Baada ya upasuaji wa kulegeza kovu, kazi huanza tena. Mishono mipya nayo ni kovu jipya, na mvuto uleule utarudi kama kiungo kitaachwa kipumzike kilivyozoea. Kabla ya kuruhusiwa muulize mpasuaji tarehe ya kuanza kukanda, tarehe ya kuanza kunyoosha, na banzi litavaliwa hadi lini, akuandikie zote tatu kwenye cheti.